Mkono Juu ya Waya

Nilipoanza kazi ya utafiti wa bahari, habari za kilindini zilitufikia kwa vidole. Unaweka mkono juu ya waya uliozama majini, unanyamaza, unangoja mguso mdogo mno. Ukiusikia, unajua chupa ya kwanza imepinduka huko chini.

Hiyo ilikuwa mwaka 1982, ndani ya Dr. Fridtjof Nansen, meli ya Norway yenye urefu wa mita 46 hivi, iliyofanya kazi pamoja na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, katika nchi zinazoendelea. Kwetu Tanzania ilipima samaki katika misafara mitatu: katikati ya mwaka 1982, mwishoni mwa mwaka huo, na Mei 1983. Mimi nilikuwa kijana wa uvuvi, nimezoea mashua na ngalawa. Roho ilinichafuka siku za mwanzo, kisha ikatulia.

Chupa zenyewe zilibuniwa na huyo huyo Fridtjof Nansen, mvumbuzi aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1922. Zilifungwa kwenye waya moja baada ya nyingine, kila moja kwa kina chake, na ubavuni zilibeba vipimajoto. Zikishafika, tuliziacha dakika kadhaa ili zebaki itulie. Ndipo tulipoachia kizito cha shaba kiteleze na waya mpaka kiigonge chupa ya juu. Chupa inapinduka, inajifunga na maji yake, na uzi wa zebaki unakatika, kwa hiyo joto la kule chini linabaki vilevile hata kipimajoto kikipita kwenye maji ya uvuguvugu ya juu. Chupa hiyo nayo inaachia kizito kingine kwenda kuigonga ya pili. Watu wawili walisoma kila kipimajoto kwa kioo cha kukuzia, na kama hesabu zao hazikulingana walisoma upya.

Maji ya kupimwa oksijeni yalikwenda maabara kutiwa dawa. Rangi ya kahawia iliyoiva ilituambia oksijeni ipo tele. Ikififia, tulijua tumefika kwenye maji yenye hewa kidogo. Hadi leo sijaona somo la kemia linaloeleweka upesi kuliko lile.

Zamu zilikuwa za saa sita. Unafanya kazi, unalala, unaamka usiku wa manane unafanya tena, na Jumapili haina tofauti na Jumanne. Chakula kilikuwa viazi, mkate na samaki. Ugali tuliuota tu. Nyumbani hatukusikika mpaka meli itie nanga. Lakini kazi ile ilijaa kungoja, na katika kungoja ndipo watu walipofundishana. Ni pale sitahani, waya ukiwa majini, nilipoelezwa jinsi mashine ya mwangwi inavyotuma sauti chini na kuandika kinachorudi. Iliandika kwenye karatasi ndefu iliyotoa harufu ya kuungua, na mkuu wa zamu aliipima kwa macho: wingu hili ni samaki wadogo waliojikusanya, ule mstari mzito ni sakafu. Pwani yetu sakafu ile huanguka ghafla. Ukiondoa sehemu kama mkono wa bahari wa Unguja na ule wa Mafia, eneo la kina kifupi ni utepe mwembamba tu, na ndiyo sababu mojawapo ya bahari yetu kutokuwa na makundi makubwa ya samaki kama yale ya Namibia au Peru.

Nilirudi kwenye meli yenye jina hilo Machi 2018, nikiwa karibu na kustaafu. Hii ilikuwa ya tatu kuitwa hivyo, imeanza kazi mwaka 2017, ina urefu wa mita 74.5 na maabara saba. Chupa sasa zimepangwa duara kuzunguka vihisi, zinateremshwa kwa winchi, na joto, chumvi na oksijeni vinachorwa kwenye skrini wakati mashine ingali inazama. Kijana anabonyeza kitufe, chupa inajifunga. Watu wanaongea na watoto wao nyumbani baada ya chakula cha jioni. Na kazi imepanuka: mwaka 1982 hakuna aliyetuambia tukusanye vipande vya plastiki vinavyoelea, na sasa kuna wavu maalumu kwa ajili hiyo.

Katika zamu yetu ya kwanza tulikuwa wanaume tu. Mwaka 2018 niliyefanya naye kazi kwenye meza ya samaki alikuwa binti mtafiti kutoka nyumbani, na ndiye aliyeshika orodha. Meza ile haijabadilika sana. Wavu unakokotwa nusu saa, unamwagwa, na kila kitu kinachambuliwa kwa mkono: vibua, kolekole, taa, ngisi, bunju. Ubao wa kupimia urefu unatuma namba kwenye kompyuta, lakini jina la samaki bado linatoka kwa mtu.

Siku moja alinishikia samaki mwekundu. "Mzee, picha inasema changu, lakini sina uhakika."

"Mpapase shavu, mwanangu. Changu hana magamba shavuni."

Akapapasa, akatikisa kichwa. "Yapo. Basi siye."

Alibadilisha jina kwenye orodha kabla namba hazijakwenda mbali. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi kuona mashine yoyote mle ndani.

Nasema wazi kwamba mabadiliko haya ni faida. Zamani matokeo yalikusanywa, nasi tukayasoma baadaye, yakiwa yameshaandikwa kwenye ripoti. Sasa vijana wetu wanayajadili jioni ile ile, na wanampinga mkuu wa msafara mezani. Tuliweka namba zetu za 1982 na 1983 kando ya mpya, na ilibidi kwenda pole: nyavu si zile, majira si yale, na samaki wa Mei si lazima wawe wa Machi. Yule binti ndiye aliyeuliza swali ambalo hatukuwa tumeliuliza: maji ya kina kile kile, sehemu ile ile, yalikuwa na oksijeni kiasi gani wakati ule? Jibu lilikuwa kwenye fomu zetu, kwa mwandiko wa kalamu, na tuliketi wawili kuziingiza kwenye kompyuta mstari kwa mstari.