Kikanda: mizizi inayopikwa Lubumbashi

Siku ukifika Lubumbashi, usitazame tu lile bomba refu la moshi na mlima mweusi wa mabaki ya shaba, halafu urudi kwenu. Shuka mpaka soko la Kenya (ni komini ya mji wetu, si nchi ile). Ukipita penye samaki wakavu na sombe, utamwona mama mmoja nyuma ya beseni, anakata kwa kisu kitu cha kahawia, kama mkate mzito. Hicho ni kikanda. Wenzetu wa Zambia wanasema chikanda. Wageni hudhani ni nyama.

Siyo nyama hata kidogo. Ni viazi vidogo vya majani ya okidi, yale yenye maua mazuri yanayoota katika dembo, yaani mabonde ya maji, na kwenye nyanda za juu za Kundelungu na Biano. Shina lake haliliwi. Kazi ya shina ni kumwonyesha mchimbaji pa kupiga jembe.

Kupika kunataka mkono. Viazi vinaoshwa udongo wote, vinakaushwa, vinatwangwa kuwa unga. Karanga nazo zinatwangwa. Maji yakichemka kwenye babula unatia chumvi, pilipili, karanga na ule unga, unakoroga bila kupumzika. Usisahau soda, au maji ya majivu kama walivyofanya bibi zetu: bila hiyo kikanda hakishikamani, unabaki na uji. Kikiwa kizito funika chungu, weka makala ya moto juu ya kifuniko, kiive juu na chini. Halafu kiache kipoe kabisa. Hapo ndipo wengi wanakosea, kwa sababu ya njaa! Vipimo kila mama ana vyake, na hawasemi.

Lakini sikia jambo hili, hasa ninyi vijana mnaokwenda kuchimba. Okidi moja ina viazi viwili. Kimoja ni kilaini, kimezeeka, ndicho kilicholisha majani ya mwaka huu. Cha pili ni kigumu, ni akiba ya mwaka ujao. Sisi tunakula kile kigumu. Kwa hiyo kila kiazi kinachoingia chunguni ni mmea mmoja uliokufa, na mbegu zake, ndogo kama vumbi, haziwezi kuota bila kuvu fulani wa udongoni. Huwezi kuzipanda shambani kama mahindi. Tena mifuko mingine inavuka mpaka kwenda Zambia, kwani kule nako wanunuzi ni wengi. Huko Tanzania viazi hivi vilichimbwa sana Kitulo, mpaka uwanda ule ukafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Nilimuuliza mama wa soko kama anaona tofauti.

“Zamani tulikuwa tunachimba hapa karibu, mwanangu. Sasa inatoka mbali, na inakuja kidogo kidogo. Njo maana vipande vimekuwa vidogo, usinikasirikie.”

Nilinunua vinne. Kufika nyumbani vilibaki viwili, na watoto wakauliza kama kesho nitapita tena sokoni.