Bustani Yetu kwa Mwaka Mzima

Bustani yetu iko Lushoto, katika Milima ya Usambara, mahali palipo karibu meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ni ndogo, hatua 20 kwa hatua 30, nayo iko kwenye mteremko. Sisi watu saba hula mboga zake, na zinazosalia mama huziuza sokoni ili tupate chumvi, sabuni na madaftari.

Mwaka wa bustani hauanzi Januari. Huanza mwezi Machi, mvua za masika zinapokaribia. Wakati huo mama huchanganya samadi iliyooza na udongo. Hatumii samadi mbichi, kwa sababu hiyo hutoa joto inapooza, na huweza kuunguza mizizi. Watu wengi hufurahia masika kwa kuwa hawabebi tena ndoo za maji. Kwangu mimi hayo ndiyo majira magumu kuliko yote. Maji yale yale yanayostawisha mimea huleta magonjwa na huchukua udongo.

Tazama nyanya. Mvua na ukungu wa asubuhi huyaacha majani yake yakiwa yamelowa kwa saa nyingi. Hapo huingia ugonjwa wa bakajani. Kwanza huonekana doa dogo. Baada ya siku chache jani zima huwa jeusi, kana kwamba limemwagiwa maji ya moto. Ugonjwa huo husababishwa na vimelea vidogo mno vinavyofanana na kuvu. Vimelea hivyo huenezwa na upepo na matone ya mvua. Hushambulia pia viazi mviringo, kwani nyanya na viazi ni mimea ya jamii moja. Masika moja nyanya zetu zote zilikufa katika muda wa siku kumi. Bei ya nyanya sokoni ilikuwa nzuri sana, nasi hatukuwa na hata moja ya kuuza.

Hata hivyo nyanya hupandwa tena. Udongo ukienda, haurudi upesi; sentimeta moja tu ya udongo huweza kuchukua miaka 100 au zaidi kutokea. Kwenye kingo za matuta yetu kuna mabingobingo, yaani yale majani marefu wanayopewa ng'ombe. Kaka yangu alitaka kuyang'oa apate nafasi ya safu nyingine ya kabichi.

"Mwanangu," mama alimwambia, "ukiyang'oa hayo, kabichi zako utazivuna kule mtoni."

Mvua kubwa iliponyesha, mimi na kaka tulichukua chupa mbili. Moja tuliijaza maji yaliyokuwa yakitiririka chini ya bustani yetu. Nyingine tuliijaza maji yaliyotoka katika shamba la jirani lisilo na majani ya kuzuia maji. Tuliziacha zitulie usiku kucha. Asubuhi chupa ya pili ilikuwa na tope la unene wa vidole viwili. Ya kwanza ilikuwa na tope jembamba kama karatasi. Kaka alizitazama kwa muda mrefu. Tangu siku ile huyakata mabingobingo kwa ajili ya ng'ombe, lakini mizizi haigusi. Nawe jaribu, ila uchague sehemu mbili zenye mteremko sawa. La sivyo hutajua kama tofauti imeletwa na majani au na mteremko.

Kuanzia Juni hadi Agosti huwa baridi. Mchicha hudumaa, lakini kabichi hupenda hali hiyo, na majani yake hujifunga vizuri. Karoti nazo hustawi. Mvua za vuli huanza Oktoba. Hapo tunapanda maharage, ambayo mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaotwaa naitrojeni hewani na kuirutubisha ardhi.

Januari na Februari jua huwa kali. Saa sita mchana majani ya maboga hulegea, na jioni husimama tena. Mmea haukuwa umekufa. Maji yalikuwa yakitoka katika vitundu vidogo vya majani upesi kuliko mizizi ilivyoweza kuyafyonza. Sisi hufunika udongo kwa nyasi kavu ili unyevu usipotee. Vidukari huongezeka sana wakati huo, kwa kuwa hakuna mvua ya kuwaangusha. Lakini huliwa na mdudu mdogo mwekundu mwenye madoa meusi. Usimwue mdudu huyo.

Mchicha ndio unaofurahia joto. Mbegu zake huchipua kwa siku nne au tano tu. Mama huacha mashina matatu yaliyo bora bila kuyachuma, mpaka yatoe mbegu. Kisha huzikausha, huzipepeta, na kuzitia katika chupa pamoja na majivu kidogo ili wadudu wasizile.