Ugenini Japani, Mezani Kiswahili
Wengi hudhani maisha ya Japani ni mteremko. Baba watoto anafundisha Kiingereza shule ya msingi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Uuguzi huku haufanywi bila kufaulu mtihani wa taifa, nao ni kwa Kijapani. Kwa hiyo tunabana matumizi.

Mazuri tumeyaona: wanafunzi hupakuliana chakula cha mchana, kisha husafisha madarasa wenyewe.

Lakini kitinda mimba wetu alipoanza kutujibu kwa Kijapani tu, tulijiuliza: bibi yake ataongea naye vipi? Tukakubaliana, mezani ni Kiswahili. Miezi minne alinung'unika. Sasa kila Jumapili hushika simu mwenyewe: "Shikamoo, bibi!" Nasi tunatulia.