Mji Kasoro Bahari

Wenyeji wa Morogoro huuita mji wao "mji kasoro bahari". Mimi niliyezaliwa kisiwani, jina hilo lilinichekesha nilipolisikia mara ya kwanza. Niliona ni majigambo ya mtu aliyenyimwa kitu kimoja tu, na kitu chenyewe kikawa kikubwa kuliko vyote. Nilifika huko mwaka 2001, nikapanga kwa dada yangu aliyeolewa Kihonda, upande wa njia iendayo Dodoma, ambako milima ya Uluguru huonekana kwa mbali, imejitanda mawingu asubuhi na kujifunua jua likipanda.

Dada alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka 16. Jioni moja alinijia barazani na daftari la shule, amelishika kwa mikono miwili kama aliyebeba sahani ya mchuzi. "Mjomba, wewe mtu wa mashairi. Nisomee haya." Yalikuwa maneno ya wimbo wa Bongo Fleva. Alisimulia foleni ya ndoo bombani kabla ya alfajiri, na mama mmoja aliyelala palepale ili asipoteze zamu yake. Niliyapitisha macho haraka, nikamrudishia daftari. Nikamwambia kwamba huo haukuwa muziki, ulikuwa mtindo tu. Kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Na kwamba baada ya miaka miwili hapangekuwa na mtu wa kuukumbuka. "Sawa, mjomba," alijibu. Hakuniletea tena daftari.

Ile "sawa" nimekaa nayo zaidi ya miaka 20. Leo, msomaji mpenzi, nataka kuipima hukumu niliyoitoa jioni ile.

Niliegemea methali nyingine pia, ile ya ngoma ivumayo haidumu. Na Bongo Fleva ilivuma kweli. Redio binafsi zilizofunguliwa katika miaka ya 1990 ziliwapa sauti vijana waliokuwa wakighani Kiswahili juu ya midundo iliyotoka Marekani. Walivaa suruali pana na kofia zilizogeuzwa nyuma. Niliyatazama mavazi, nikadhani nimekwisha kuusikia muziki.

Kosa hilo si langu peke yangu. Huko Seattle, Marekani, kulizuka muziki ulioitwa granji, wa magitaa mazito yanayokwaruza na sauti ya mwimbaji inayonong'ona kisha ikapasuka kwa ukelele. Kundi la Nirvana lilipotoa albamu ya Nevermind mwaka 1991, dunia iliyapenda hata mashati yao ya flaneli. Mwaka 1992 mbunifu Marc Jacobs aliyapandisha mavazi ya namna hiyo katika maonyesho ya New York. Mwaka 1994 Kurt Cobain, kiongozi wa kundi hilo, alikufa, na wengi wakasema ngoma imekwisha. Hadi leo watu wanabishana kama granji ilikuwa fani ya muziki au fasheni ya miaka michache. Mashati yalirudi sandukuni. Magitaa yale bado vijana wanajifunza kuyapiga.

Lakini sikuhitaji kuvuka bahari kutafuta mfano, kwa kuwa mfano ulikuwa mjini humo humo. Morogoro ndiyo iliyotupa Morogoro Jazz, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, bendi zilizoanza katika miaka ya 1940. Jazz ya wapi? Cuba ya wapi? Majina yalikuwa ya kuazima, na midundo mingi ilisikizwa kwanza katika santuri zilizotoka Kuba. Tena bendi zetu zenyewe ziliita upigaji wao "mtindo", neno lile lile tunalolitumia kwa misuko ya nywele na mishono ya nguo. Morogoro Jazz walikuwa na Sululu, Western Jazz wakawa na Saboso, NUTA Jazz wakawa na Msondo. Hakuna aliyeona haya kuitwa mwenye mtindo.

Mbaraka Mwinshehe, aliyekuzwa na Morogoro Jazz, alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwaka 1979, na gitaa lake lingali shule kwa wanaotaka kujua dansi. NUTA nayo ilibadilishwa jina mara kwa mara, kwa kufuata chama cha wafanyakazi kilichoimiliki, mpaka mwisho bendi yenyewe ikaitwa Msondo Ngoma. Mtindo uliishi kuliko majina ya wenyewe.

Sisi wapenzi wa mashairi tulipaswa kulijua hilo mapema. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofungwa na vina na mizani, walikuwapo waliosema kwamba hayo si mashairi na kwamba upepo ule ungepita. Haukupita.

Basi fani tuitambue kwa nini? Si kwa umri, maana hata fani hufa, na kufa kwake hakuifanyi kuwa haikuwapo. Si kwa ubora wa kila wimbo, maana katika Bongo Fleva mlikuwa na povu jingi, kama lilivyokuwamo katika dansi na katika taarabu yetu. Mimi naazima kipimo kwa ushairi. Aina za mashairi tunaziita bahari, na bahari ni bahari kwa sababu mtu anaweza kuikosea. Sheikh Amri Abedi aliziandika sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, lakini kabla ya kitabu chake masikio ya watu yalikwishajua nani kavunja mizani. Penye kosa linalotambulika pana sheria, na penye sheria pana fani. Mavazi hayana kosa la namna hiyo.

Masika iliyopita nilirudi Kihonda. Mpwa wangu sasa ni fundi wa kuchomelea mageti. Binti yake alikuwa uani na wenzake wawili, wakighani wimbo wa Bongo Fleva uliotoka kabla wao hawajazaliwa. Mwenzake mmoja alichomeka neno lisilokuwamo. Binti akainua mkono. "Umejaza hapo. Ukilitia hilo, kina hakiangukii mdundo." Wakaanza upya. Hakuna aliyemfundisha sheria hiyo darasani.

Usiku nilimuuliza baba yake habari za lile daftari. "Mama alifungia vitumbua," alisema, akacheka kidogo. "Ulikuwa mtindo tu, mjomba. Si ndivyo ulivyosema?" Hakusema kwa uchungu, na hilo ndilo lililoniuma. Nikamwomba anisomee analolikumbuka. Alikumbuka ubeti mmoja, wa yule mama aliyelala bombani. Vina vya mwisho vilikuwa kamili, na vya kati pia, ambavyo mwaka ule wala sikuviona.

Nikafanya nililopaswa kulifanya mwaka 2001. Nikamwambia, "Mstari wa tatu umepungua mizani mbili."

Akanitazama, akaweka kikombe chini, akaanza kuhesabu kwa vidole.