Klipu ya IST kudondoka ambayo staa huyu hakuiposti

Mjini hapa ukishakuwa na wafuasi wengi, kila kitu ni kontenti. Kupika ni kontenti, kununiana na shemeji ni kontenti, hata breki za gari zikianza kulia ni kontenti.

Ndivyo alivyowaza kijana mmoja wa vichekesho, jina kapuni, anayeishi Ilala, nyuma kidogo ya Barabara ya Uhuru. Ana IST ya rangi ya fedha, gari lake la kwanza maishani, alilolipata baada ya miaka mingi ya kugombania daladala na begi la nguo za shoo mgongoni. Breki za mbele zilianza kusaga. Kila akifika kwenye taa, watu wanageuka. Fundi akamtajia hela ya pedi na hela ya ufundi. Jamaa akapiga hesabu, akaona hela ya ufundi ibaki mfukoni. Akaenda Kariakoo, kwenye maduka ya spea kule Gerezani, akanunua pedi, akarudi nyumbani kifua mbele.

Mpango ukawa hivi: avae ovaroli mpya, abadilishe breki mwenyewe, asubuhi ya Jumapili, mbele ya simu. Mafunzo alishayaangalia mtandaoni. Gari akaliegesha nje ya geti, kwenye mchanga uliokuwa bado na unyevu wa mvua ya usiku. Kwenye buti akatoa ile kijeki ndogo ya mkasi inayokuja na gari. Watoto wa mtaa wakajaa.

Simu ilikuwa na stendi yake ya miguu mitatu. Gari halikuwa na stendi hata moja.

Akanyanyua, akafungua tairi, akaliegemeza ukutani. Akakaa chini, akapitisha mkono ndani kuitafuta boliti ya kaliper. Ikafika zamu ya kutupia utani wake. Akautoa mkono, akaigeukia simu, akaipungia.

Hapohapo jeki ikalala. IST ikashuka kama imekatwa kamba, diski ya breki ikajichimbia mchangani, pale pale mkono ulipokuwa.

Watoto wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya shoo.

Jamaa hakucheka. Aliingia ndani, akakaa kitandani, akaiangalia klipu. Mara ya kwanza aliona kitu cha kutrendi wiki nzima. Mara ya pili akaanza kutafuta maneno ya kuiwekea. Mara ya tatu akaangalia mkono tu. Ulitoka, akahesabu moja, gari likashuka. Hakufika mbili.

Hakuiposti. Aliituma kwa mtu mmoja, baba yake.

Hapa wadau mnatakiwa kujua kitu. Mzee wake ni fundi wa siku nyingi wa Gerezani, sasa amestaafu, anakaa Buguruni. Na hawa wawili hawakuwa na mazungumzo mengi. Jamaa alikulia gereji. Kila alipojipenyeza kuangalia kazi, alifukuzwa kwa sauti ya radi: "Toka hapo!" Alikua akiamini mzee hamtaki karibu na kazi yake, ndiyo maana akaenda kutafuta watu wa kumchekea mahali pengine. Hata hiyo Jumapili alikuwa radhi kuuliza mtandao kuliko kumuuliza baba.

Dakika chache simu ikaita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mikono yako yote miwili ipo?"

"Ipo."

"Usiiguse hiyo gari. Nakuja."

Alikuja na bajaji, amebeba ubao mpana na jeki kubwa ya magurudumu. Kitu cha kwanza alifukuza watoto. "Tokeni hapo!" Sauti ileile. Jamaa mwenyewe akaruka nyuma, mtu mzima na ndevu zake.

Wakachimba mchanga kidogo, wakaweka ubao chini ya jeki ili isizame, wakainyanyua taratibu na kurudisha tairi. Gari wakaliingiza uani kwenye sakafu ya zege iliyo sawa. Kisha mzee akasema, "Sasa twende Gerezani. Jeki ni ya kunyanyulia. Haijatengenezwa ya kubebea." Wakarudi na stendi mbili za chuma, zimeandikwa tani zinazobeba. Kwa taarifa yenu, bei yake ilikuwa chini ya viatu alivyovaa jamaa kwenye shoo yake ya mwisho.

Somo likaanza upya. Hendibreki juu, gia kwenye P, halafu kabari nyuma ya matairi ya nyuma. Jamaa akauliza kabari za nini wakati gari lipo kwenye P. Mzee akamjibu kwamba IST kama hii inaendeshwa na matairi ya mbele. Ukiyainua hayo, P haishiki kitu tena ardhini, inabaki hendibreki ya nyuma peke yake. Na ukiinua nyuma, hendibreki ndiyo inabaki hewani. Kwa hiyo matairi yanayobaki chini lazima yazuiwe.

Nati zililegezwa tairi likiwa bado limekanyaga, maana kuzilazimisha gari likiwa juu ndiko kunakolisukuma. Jeki ikawekwa pale kitabu cha gari kinapoonyesha, kwenye chuma kinene cha mbele, sio kwenye sampu ya oili. Stendi zikakaa chini ya ukingo wa milango, kwenye zile alama mbili za mkato ambazo wengi wetu hatujawahi kuinama kuziona. Gari likashushwa likae juu ya stendi, mzee akalitikisa kwa mikono miwili. Halikucheza. Tairi lililotolewa likalazwa chini ya ubavu wa gari, likiwa akiba ya mwisho.

"Na tofali, baba?"

Mzee akanyamaza kidogo. Ndipo akatoa kitu ambacho hakuwahi kukisimulia nyumbani. Zamani gereji palikuwa na kijana mwenzake, wamejifunza kazi pamoja. Aliweka gari juu ya matofali akaingia chini. Tofali halipindi likakuonya, linapasuka mara moja. Kijana alizikwa kesho yake. Mwaka huohuo mzee alipata mtoto wa kiume, na huyo mtoto alipoanza kutembea, sehemu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa chini ya magari.

"Ningekuambia nini, na wewe una miaka mitatu? Nilikuwa napiga kelele tu."

Jamaa akajifanya anatafuta spana.

Breki zilimalizika jioni. Nati zikakazwa kwa kukatiza, moja huku, nyingine upande wa pili, na kumaliziwa tairi likiwa chini. Kabla ya kuwasha, mzee akamwambia akanyage pedali ya breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, la sivyo angefika getini hana breki.

Ile klipu bado ipo kwenye simu. Mkewe hajaiona. Aliyoiposti ni nyingine, ya sekunde kumi na tano, mzee anaitikisa IST kwa mikono miwili bila kusema neno. Haikutrendi. Jamaa hajali, na Jumapili hizi gari halina tatizo lolote ila mzee anakuja tu, anakuta chai, anauliza stendi zipo wapi.

Na wewe mdau mwenye gari, fungua buti uangalie. Ukikuta jeki peke yake, inakutosha kubadilisha tairi. Mkono wako au kichwa chako usikipitishe chini.