Vyondo vya Ukambani Wakati wa Baridi

Msafiri atokaye Kibwezi, katika Makueni, kwenda Kitui kwa njia ya Ikutha na Mutomo, huvuka mto Athi na kupita penye mibuyu mikubwa. Akipita kati ya Juni na Agosti, mazao yakiwa yamekwisha kuvunwa na asubuhi zikiwa za baridi, huwaona akina mama wameketi wakisuka vyondo. Wengine husuka hata wakitembea.

Kazi hiyo si mchezo. Zamani nyuzi zilitolewa katika maganda ya mbuyu na ya vichaka vya porini; mkonge ulikuja baadaye. Majani yake hukwanguliwa hata zibaki nyuzi nyeupe, nazo husokotwa kwa kiganja juu ya paja. Nyingine hutiwa rangi. Kisha kiondo huanzwa kitakoni, kikapanda duara kwa duara hadi mdomoni. Kiondo kizuri hakimaliziki kwa siku mbili tatu. Kwa hiyo mama ampaye binti yake kiondo amempa siku zake nyingi.

Mnunuzi hazioni siku hizo, naye hutaka bei ya chini. Lakini tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Kenya, kiondo kimepata kazi mpya sokoni. Yafaa wasukaji wauze kwa umoja, na mabinti wafundishwe mapema. Nawe msomaji, utajiwapo bei huko, hesabu kwanza siku zilizosukwa ndani yake.