Mafinga: Rizki Iliyolala Katika Malundo ya Maranda

Msafiri atokaye Iringa kuelekea Mbeya, akishakwenda kiasi cha kilomita 80, hufika Mafinga, makao makuu ya Wilaya ya Mufindi. Hapo harufu ya utomvu imetangulia mbele ya mji wenyewe. Jirani yake umetanda Msitu wa Sao Hill, shamba la miti ya kupandwa kubwa kuliko yote nchini, lenye misindano na mikaratusi.

Kamati ya msikiti wetu ilinituma huko kununua mbao za kuezekea madrasa. Katika kila uwanja wa kuchania mbao nilikuta hali moja: mashine ndogo ziitwazo dingdong zikinguruma, magari yakipakia, na nyuma yake milima ya maranda na mabanzi. Msumeno wa mashine hizo ni mnene, na kila upitapo hugeuza unene wake kuwa unga. Ukijumlisha na mabanzi ya pembeni, mara nyingi inayotoka ikiwa mbao ni chini ya nusu ya gogo. Basi anunuaye mbao hulipia pia kile kinachoachwa uwanjani.

Malundo hayo hushika moto, yakafuka moshi siku nyingi, na watoto wa jirani wakauvuta. Wakati huohuo mama zao hununua mkaa uliotokana na miti ya asili. Je, hii si israfu?

Imepokewa kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye mzoga wa kondoo, akauliza kwa nini watu hawakunufaika na ngozi yake. Alipoelezwa kuwa ni mzoga, alibainisha kuwa kilichoharamishwa ni kuula. Ikiwa ngozi ya mzoga haikustahili kutupwa, seuze mti uliotunzwa miaka mingi?

Wapo waliokwisha kuzinduka. Huko Njombe, kampuni ya TANWAT ina mtambo unaozalisha umeme kwa kuchoma mabaki ya miti. Wafugaji wa kuku hutandaza maranda makavu mabandani, kisha huyapeleka shambani yakiwa mbolea. Mabanzi huzungushiwa ua na kuchomewa matofali. Wako pia akina mama wenye jiko la maranda: kopo kubwa la bati lililotobolewa ubavuni kwa chini. Kijiti husimamishwa katikati, maranda yakashindiliwa pembeni, kisha kijiti huchomolewa na moto ukawashwa kutoka chini. Huwaka kwa saa kadhaa. Lakini jiko hilo litumike mahali penye hewa, na maranda ya mbao zilizotiwa dawa yasitumike jikoni wala bandani, kwani dawa hiyo ni sumu.

Ndugu zangu Waislamu, misikiti iliyo karibu na viwanja hivi ina wajane na vijana wasio na kazi. Kuanza hakuhitaji mtaji mkubwa: magunia, turubai la kukaushia, na makubaliano ya maandishi na mwenye mashine. Hayo maandishi yasipuuzwe. Leo maranda hutolewa bure kwa sababu ni kero. Kesho yakionekana yana faida yatapangiwa bei, na mjane aliyeyaokota kwanza ndiye atakayekuwa wa kwanza kufukuzwa. Kamati zetu zitangulie kumlindia haki yake.

Wabillahi Tawfiq.